Waya wa Bluu

Tweve alishuka jana kutoka Matamba, gia ya kwanza njia nzima,
na pikapu nyeupe iliyokwisha kuwa rangi ya barabara,
nyuma yake tela la mtumba, ekseli mbili,
lenye breki za umeme zisizowahi kuonja umeme.
"Breki za gari zinatosha, fundi Tusekile.
Ni mke wangu tu amesema nije."
Ubavuni, nyuma ya gurudumu, bati limebonyea
kwa umbo kamili la kona ya tela.
Sikumuuliza.

Nimelala chali chini ya usukani,
kichwa mahali pa miguu, miguu nje
kwenye baridi ya Uyole ya mwezi wa saba,
soksi yangu yenye tundu ikisalimia wapita njia.

Nyeusi kwa betri, kupitia fyuzi.
Nyeupe kwa arthi, kwenye chuma nilichokwangua hadi kikang'aa,
maana rangi haipitishi moto, hata iwe nzuri namna gani.
Nyekundu kwa swichi ya taa, juu ya pedeli.
"Kanyaga." Testa inawaka.
"Achia." Inazima.
"Kanyaga."
Kimya. Yuko kwenye simu, anabishana bei ya lumbesa.

Bluu ndiyo ndefu.
Inashuka sakafuni, inaambaa na chesesi,
inaukwepa moto wa ekzosi, nimeifunga kila shubiri,
hadi soketini, na kutoka soketini hadi sumaku
zilizolala ndani ya madramu.
Zile nyingine zinajua mambo mawili, kuna au hakuna.
Bluu inabeba kiasi.

Kisanduku chenyewe ni kidogo, sawa na kiberiti cha jumla,
na ndani kina timazi linaloning'inia.
Kikikaa upande kitadanganya,
kitaona mlima penye tambarare.
Nikaazima pimamaji kwa Ambakisye
anayejenga choo cha jirani.
Akaja mwenyewe kuhakikisha hakiibiwi,
akatoa na ushauri, ambao haukuhitajika.

Kisha barabarani, tambarare ya kuelekea Inyala,
magunia ishirini na nane ya viazi mgongoni,
spidi arobaini.
Sita: matairi ya tela yakajifunga,
yakaandika mistari miwili myeusi kwenye lami,
mama wa ndizi akatutukana kwa Kisafwa.
Nne: tukasukumwa kutoka nyuma
kama na shemeji aliyelewa.
Tano. Gari na tela vikaketi pamoja,
kama safu ya kwaya baada ya pambio.

"Basi ni tano, siku zote?"
"Ni tano leo. Ukiwa mtupu, mbili.
Kukiwa na tope, usiniulize mimi, uliza kiti chako."

Nikamwonyesha kiwiko kidogo cha pembeni, cha kidole gumba:
tela likianza kuyumba, usikanyage pedeli.
Bonyeza hapa, lishike lenyewe,
wa nyuma amvute wa mbele anyooke.

Akakibonyeza. Akakiachia. Akakibonyeza tena,
tumesimama, injini imezimwa.
"Kona ya kumi na tisa," akasema.
"Kijana wangu alikuwa juu ya magunia."
Lori likapita, likatutikisa.
"Yuko wapi sasa?"
"Shuleni. Mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo.
Anacheza golikipa."

Alilipa nusu fedha, nusu viazi,
akapanda kurudi kwao na tela tupu linalorukaruka,
namba mbili, nilichungulia.

Usiku ule nilimenya viazi huku nikihesabu
kona hamsini na saba, nikapotea kwenye ishirini na kitu.
Fyuzi niliiweka. Arthi nilikwangua. Nilikwangua?
Nilikwangua.

Jumanne ilinyesha manyunyu yasiyo ya msimu.
Saa nne kasoro simu ikalia mfukoni mwa ovaroli,
ujumbe wa maneno machache, bila salamu:

Chimala. Nne na nusu.